Fahamu: Beki wa Kitanzania hufikaje Ulaya?

Paolo Maldini wa Italia aliichezea AC Milan tangu 1985 hadi 2009 bila kuhama. Beki wa Kitanzania hana bahati hiyo. Kwake kuhama ndiyo kazi yenyewe.

Mtazame Novatus Dismas, aliyezaliwa 2002. Alilelewa Azam, akaenda kwa mkopo Biashara United ya Musoma, akavuka hadi Israel, kisha Zulte Waregem ya Ubelgiji. Mwaka 2023 Shakhtar Donetsk ya Ukraine ikamchukua kwa mkopo, akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mwaka 2024 akatua Göztepe ya Uturuki. Hucheza beki wa kushoto na kiungo mkabaji, na naamini uwezo huo wa nafasi mbili ndio uliombeba.

Kwa kijana wa Ilagala, wilayani Uvinza, timu ya Ligi Kuu iliyo jirani ni Mashujaa, inayotumia Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma. Lakini kuwa na timu hiyo jirani hakutoshi: Novatus alianza kunolewa akiwa mdogo. Viongozi wa soka Uvinza, wapeni watoto mashindano ya kudumu ya umri wao, msisubiri wakomae.