Saa ya Jiwe na Kamba

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa

(Kabla ya somo, mwalimu wa darasa aweke tayari vitu hivi: kamba nyembamba isiyovutika, mawe mawili, moja dogo na moja kubwa, misumari miwili, na tepu ya fundi cherehani.)

Natumaini mmekwisha kukaa vizuri, na mwalimu wenu ameandaa vitu vya somo.

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya homa ya mapafu ya watoto, ambayo wengi wetu twaiita kichomi. Tulisema kwamba mtoto mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi zake kwa muda wa dakika moja kamili. Nilipotembelea darasa moja baada ya somo hilo, mama mmoja alisimama akaniuliza: "Mwalimu, hiyo dakika moja nitaijuaje? Saa sina, na simu yangu usiku mara nyingi imekwisha chaji." Siku ile sikumjibu vema. Jibu lake ndilo somo la leo.

1. Mwendo unaojirudia

Kuna mambo yanayokwenda na kurudi bila kuchoka. Jua huchomoza, likatua, likachomoza tena. Mwezi huandama, ukapevuka, ukafifia, kisha ukaandama upya baada ya siku 29 na nusu hivi. Bahari hujaa na kupwa. Na kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kadiri ya saa 12 na dakika 25. Kwa sababu hiyo mvuvi wa pwani hajiulizi sana maji ya kesho yatajaa lini. Ajua yatachelewa kuliko ya leo kwa kadiri ya dakika 50.

Mwendo wa namna hii twauita mwendo wa kujirudia. Faida yake ni hii: kitu kinachojirudia kwa muda ulio sawa kila mara kinaweza kutumika kupimia wakati. Basi leo tutatafuta kitu kidogo cha namna hiyo, kitakachoingia ndani ya nyumba na kisichohitaji fedha nyingi.

2. Timazi ya mwashi

Nyote mmemwona mwashi akijenga ukuta. Ana kamba yenye kitu kizito mwishoni, naye huining'iniza ili ajue kama ukuta umesimama wima. Kamba hiyo ni timazi. Mwashi huitaka itulie. Sisi leo tunaitaka iyumbe.

Fungeni jiwe dogo kwenye kamba, mkalitundike kwenye msumari juu ya mlango. Livuteni kando kidogo, kisha liachieni bila kulisukuma. Litakwenda upande wa pili, halafu litarudi pale lilipoanzia. Kwenda na kurudi pamoja twahesabu kuwa mwendo mmoja.

Sasa mwalimu atundike na lile jiwe kubwa kwenye msumari wa pili. Kamba ziwe sawa, kutoka msumari hadi katikati ya kila jiwe. Kabla hamjaachia, kila mtu aseme: jiwe gani litarudi kwanza?

(Redio inanyamaza kidogo ili darasa lifanye jaribio.)

Mmeonaje? Katika darasa lile nililotaja, karibu watu wote walisema jiwe kubwa litatangulia. Mzee mmoja fundi seremala alikuwa tayari kuweka dau la kikombe cha chai. Mawe yalipoachiwa yalikwenda bega kwa bega kama ndugu wawili wanaotoka sokoni. Mzee alidai kwamba kamba zimepimwa vibaya. Akazipima mwenyewe, akaachia tena, na mambo yakawa yale yale. Chai akailipa.

Jaribio la pili: liachieni jiwe moja kutoka karibu, na jingine kutoka mbali kidogo, lakini isizidi shubiri moja. Hapo pia mtaona yanarudi karibu pamoja, ingawa moja lina njia ndefu zaidi.

Jaribio la tatu: ikunjeni kamba moja mara nne, mtundike jiwe kwa robo moja tu ya urefu wa kwanza. Sasa mambo yamebadilika. Jiwe la kamba fupi linakwenda upesi, nalo linamaliza miendo miwili wakati lile la kamba ndefu linamaliza mmoja.

Basi shikeni neno hili, maana ndilo kiini cha somo: muda wa timazi hutegemea urefu wa kamba. Uzito wa jiwe hauubadilishi. Na upana wa mwendo, ukiwa mdogo, haubadilishi kitu cha kuonekana.

3. Kwa nini iwe hivyo?

Ardhi huvuta kila kitu chini. Jiwe lililovutwa kando huteremka, na likifika chini lina mbio, kwa hiyo haliwezi kusimama ghafla. Linapita, linapanda upande wa pili, mbio zinakwisha, kisha linateremka tena.

Kwa nini jiwe zito halitangulii? Fikirini punda mmoja na mzigo mmoja, na punda wawili wenye mizigo miwili. Hao wawili wana nguvu maradufu, lakini na kazi yao ni maradufu. Watafika saa moja. Vivyo hivyo jiwe zito huvutwa kwa nguvu zaidi, lakini na kulisogeza ni kazi zaidi.

Na kamba ndefu je? Jiwe lake hupita njia ndefu yenye mteremko wa taratibu, kwa hiyo hukawia.

Mtauliza: mbona mwishowe jiwe husimama? Hewa hulizuia kidogo kidogo, na upana wa mwendo hupungua. Lakini hata likiyumba kwa upana wa vidole viwili tu, muda wake ni ule ule.

4. Waliotutangulia

Mtaalamu wa Italia aliyeitwa Galileo, aliyezaliwa mwaka 1564, alichunguza sana mwendo wa timazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1600 tabibu mmoja wa nchi hiyo hiyo, jina lake Santorio, alitumia timazi kupimia mapigo ya moyo ya wagonjwa. Kisha mwaka 1656 Huygens wa Uholanzi akabuni saa ya ukutani inayoongozwa na timazi. Kwa hiyo jiwe na kamba vilisaidia wagonjwa kabla havijaingia ndani ya saa. Nasi leo tunavirudisha kwenye kazi yake ya zamani.

5. Kutengeneza dakika

Pimeni kamba inchi 39, yaani sentimeta 99, kutoka pale inapoyumbia kwenye msumari hadi katikati ya jiwe. Timazi ya urefu huu humaliza mwendo mmoja kwa sekunde 2. Basi miendo 30 ni sekunde 60, yaani dakika moja. Mkikosea urefu kwa sentimeta moja, dakika yenu haitakosea hata kwa nusu ya sekunde.

Angalieni mambo matatu. Msumari usitikisike. Jiwe lisivutwe zaidi ya shubiri moja. Na mnapoliachia semeni "sifuri", wala si "moja". "Moja" isemwe litakaporudi. Anayeanza na "moja" atapata miendo 29 tu.

6. Kuhesabu pumzi za mtoto

Kazi hii ifanywe na watu wawili. Mmoja ahesabu timazi, mwingine ahesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Fungueni nguo yake, mtazame kifua au tumbo. Kuinuka na kushuka mara moja ni pumzi moja. Anayehesabu timazi aseme "haya" anapoanza, na "basi" inapofika miendo 30.

Pumzi zinakwenda mbio kupita kiasi zikifika hesabu hii kwa dakika moja:

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi. Huyu ahesabiwe mara mbili, maana pumzi za mtoto mchanga hazina mpango.
Mtoto wa miezi 2 mpaka asiyetimiza mwaka: pumzi 50 au zaidi.
Mtoto wa mwaka mmoja mpaka asiyetimiza miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Mtoto mwenye kikohozi akifika hesabu hiyo, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Dawa ya kichomi ipo, na ikianza mapema huokoa maisha.

Lakini sikilizeni vizuri. Timazi si mganga. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au ameshikwa na degedege, au amelegea na ni vigumu kumwamsha, msikae kuhesabu. Ondokeni naye mara moja. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 aliye mgonjwa naye asicheleweshwe, hata kama hesabu yake ni ndogo.

Nilirudi kwa yule mama na kamba yangu mfukoni. Tuliipima pamoja kwa tepu ya jirani yake mshonaji, akaitundika mwenyewe. Alihesabu mpaka 30, akanitazama akasema: "Kumbe dakika ni ndefu hivi! Mimi nilikuwa nikihesabu nusu yake." Basi ndugu zangu, pengine na sisi twahesabu nusu. Tengenezeni kamba zenu kabla mtoto hajaugua, mzitundike mahali panapojulikana na kila mtu nyumbani.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.

Maneno ya kukumbuka

Mwendo wa kujirudia: mwendo unaofanyika tena na tena kwa muda ulio sawa.
Timazi: kamba yenye kitu kizito mwishoni.
Mwendo mmoja: kwenda na kurudi mpaka mahali pa kuanzia.

Maswali ya darasa

1. Tajeni miendo mitatu ya kujirudia mnayoiona kijijini kwenu.
2. Mtoto mnene na mtoto mwembamba wakikaa kwenye pembea mbili zenye kamba sawa, nani atarudi kwanza? Elezeni sababu.
3. Timazi ya inchi 39 ikikatwa ikabaki robo, itafanya miendo mingapi kwa dakika moja?
4. Mtoto wa miezi 8 ana kikohozi, na pumzi zake ni 54 katika miendo 30 ya timazi ya inchi 39. Mfanye nini?
5. Ni dalili zipi zinazotutaka tuache kuhesabu na kuondoka mara moja?