Dua, sala na makaa ya Mchuchuma

Mkutano wa hadhara mkoani Njombe, uwe wa kukabidhi madawati au wa kumpokea waziri, huanza kwa utaratibu ule ule. Mshereheshaji huwaomba viongozi wa dini wasogee mbele. Shehe huinua viganja, akasoma Fatiha, kisha akaendelea kwa Kiswahili kuombea mvua, amani na afya za viongozi. Padri humfuata, akianza na kumaliza kwa ishara ya msalaba. Mchungaji hufunga. Wanaume wameshavua kofia zao, wenye baraghashia wamebaki nazo. Akina mama wamejitanda vitenge juu ya masweta, maana baridi ya Juni huku haina mchezo. Kila ombi linapokwisha uwanja mzima huitikia "Amina", aliyeomba awe nani. Halafu mbunge hushika kipaza sauti na kusalimia mara tatu: "Asalaam alaykum", "Tumsifu Yesu Kristo", "Bwana Yesu asifiwe". Zote tatu huitikiwa kwa nguvu.

Katiba inasema nchi haina dini, lakini shughuli zake hazianzi bila Mungu kutajwa. Bungeni Dodoma kikao hufunguliwa kwa dua moja, ile ile, Spika awe Mkristo au Mwislamu. Adam Sapi Mkwawa wa Iringa alikalia kiti cha Spika miaka mingi. Mwaka 2010 akakikalia Anne Makinda wa Njombe, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Wimbo wa taifa nao ni sala kuanzia neno la kwanza.

Hilo watu wamelizoea mno, na mazoea yana hatari yake. Maombi ya jukwaani yanaweza kugeuka kipengele cha ratiba tu, kama utambulisho wa wageni: yakishapita, kila mtu anasubiri hotuba. Ndiyo maana inafaa kuuliza watu wa dini mbalimbali wanaposimama pamoja wanaomba nini hasa, na baada ya hapo wanafanya nini.

Wilaya ya Ludewa ina sababu nzuri ya kuuliza. Huko ndiko kuliko makaa ya mawe ya Mchuchuma, upande wa kijiji cha Nkomang'ombe, na chuma cha Liganga kule Mundindi. Hesabu zinazotajwa na Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) ni tani milioni 428 za makaa na tani milioni 126 za chuma. Juu ya utajiri huo wanaishi watu wa madhehebu mengi. Waanglikana wana Milo na hospitali yake, Wakatoliki wana Lugarawa na yao. Walutheri wa Dayosisi ya Kusini, yenye makao Njombe mjini, wanatokana na kazi ya wamisionari wa Berlin waliofika nyanda hizi mwishoni mwa karne ya 19. Waislamu wako mijini, na ukishuka hadi Makambako, kwenye njia panda ya Songea na barabara kuu ya Zambia, adhana na kengele ya kanisa husikika mtaa mmoja. Kabla ya hao wote palikuwa na matambiko ya Wabena na Wapangwa, na wazee wengi hawajayasahau.

Septemba 2011 NDC ilitia saini na kampuni ya China, Sichuan Hongda, mradi wa dola bilioni 3: mgodi wa makaa, mgodi wa chuma, na mtambo wa umeme wa megawati 600 pale Mchuchuma. Hongda ingekuwa na asilimia 80, NDC asilimia 20. Mradi ukakwama. Mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria za kulinda rasilimali na kupitia upya mikataba, mazungumzo yakaanza tena, na wananchi waliozuiwa kuendeleza maeneo yao wakabaki wanangoja. Malipo ya fidia, zaidi ya Sh15 bilioni kwa watu zaidi ya 1,100, yalikuja mwaka 2023, miaka kumi na miwili baada ya saini ile. Kusimama huko hakukuchagua shamba la Mkatoliki wala la Mlutheri.

Dini zenyewe zimewahi kubishania jambo hili la kuomba pamoja. Tarehe 27 Oktoba 1986, Papa Yohane Paulo wa Pili alipowaalika viongozi wa dini za dunia Assisi, Italia, Vatikani ilikuwa makini kueleza kuwa wanakutana ili waombe, kila mmoja kwa namna yake, bila kuchanganya sala. Watanzania wa kawaida walikuwa wakifanya hivyo zamani, makaburini na kwenye misiba, pasipo waraka wowote. Lakini ujirani huo si wa kudumu kama haulindwi. Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, ugomvi kuhusu nani achinje mnyama ulimalizika kwa mchungaji kuuawa.

Mfano mkubwa wa karibuni wa dini kuomba pamoja ni wa Aprili 2020. Rais John Magufuli aliitisha siku tatu za maombi dhidi ya korona, tarehe 17 hadi 19, Ijumaa mpaka Jumapili, ili kila dini iwe na siku yake ya ibada. Tarehe 22 viongozi wa dini wakakutana Karimjee, Dar es Salaam, kwa maombi ya kitaifa. Siku hiyo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kuwa wagonjwa wamefika 284. Wiki moja baadaye wakawa 480, kisha serikali ikaacha kutoa takwimu za taifa. Walioomba waliomba kwa moyo, hilo halina shaka. Lakini tangu hapo taifa liliendelea kuomba na baadaye kushukuru bila kuelezwa ugonjwa umefikia wapi, na hilo lilikuwa kosa. Mwombaji ana haki ya kujua anachokiombea.

Mfano wa pili hausimuliwi sana, nao unaigusa Ludewa moja kwa moja. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo (CCT) na Baraza Kuu la Waislamu (BAKWATA) walitoa kwa pamoja ripoti kuhusu dhahabu, iliyoandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu, wakihoji kwa nini nchi inapata kidogo kiasi kile. Wakati huo mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Maaskofu na masheikh walikuwa wameketi meza moja wakisoma mikataba, kodi na misamaha. Mwaka 2010 ikapitishwa sheria mpya ya madini na mrabaha ukapanda hadi asilimia 4. Vuguvugu lilikuwa la wengi, na kamati ya Jaji Mark Bomani ya kupitia sekta ya madini nayo ilikuwa imefanya kazi yake, ila sauti ya taasisi tatu za dini kwa pamoja haikuwa rahisi kuipuuza. Mwaka 2012 taasisi hizo zilirudi na ripoti nyingine, safari hii kuhusu kodi inayopotea.

Hizo ni taasisi zile zile zenye matawi hadi vijiji vya Ludewa. Katekista, mwinjilisti na imamu wanajua ni nyumba ipi imelipwa fidia na ipi bado inalalamika. Wanajua ni kijana gani kapata kibarua mgodini na nani karudishwa getini. Wanazika pamoja, wanachangishana harusi. Hakuna afisa kutoka Dodoma anayeweza kukusanya habari hizo kwa haraka kuliko wao.

Kwa hiyo safari ijayo watakapoitwa mbele kuuombea mradi wa Mchuchuma na Liganga, wana jambo la kudai kabla ya kuinua mikono: masharti makuu ya mkataba yaandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, yaani mgawanyo wa hisa, mrabaha, sehemu ya halmashauri, idadi ya ajira na ratiba ya fidia iliyobaki. Yabandikwe mlangoni mwa kila msikiti na kila kanisa la Nkomang'ombe na Mundindi, na yasomwe Ijumaa na Jumapili wakati wa matangazo.