Alizeti ya Kinyangiri: Mafuta Yanayokamuliwa bila Kiyeyushi

Kata ya Kinyangiri imo katika Wilaya ya Mkalama, ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Ni nchi ya nyanda kavu za kati, yenye msimu mmoja wa mvua. Mvua ikisha kukatika, vichwa vya alizeti hukauka shambani, hukatwa, hurundikwa, kisha hupigwa kwa fimbo mpaka mbegu zitoke. Kuanzia hapo mbegu hizo hukabiliwa na jambo ambalo wakulima wengi hawalipi uzito unaostahili: zitakaaje siku zote zitakazosubiri kukamuliwa?

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo ni kubwa, yafaa kwanza kutazama namna mafuta yanavyotolewa katika mbegu. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kukamua, yaani kuibana mbegu mpaka kuta za seli zipasuke na vitone vya mafuta vilivyomo vichuruzike. Ya pili hutumiwa na viwanda vikubwa: mbegu zilizopondwa huoshwa kwa kiyeyushi kiitwacho heksani, kimiminiko kinachotokana na petroli, ambacho huyayeyusha mafuta na kuondoka nayo. Heksani huchemka kwenye nyuzi 69 hivi za Selsiasi. Kwa hiyo mchanganyiko ukipashwa moto, kiyeyushi huwa mvuke na kurudishwa kutumika tena, na mafuta hubaki.

Tofauti ya mavuno baina ya njia hizo yaweza kukokotolewa ubaoni. Tuchukue kilo 100 za mbegu zenye mafuta asilimia 40. Kiyeyushi huacha mafuta kiasi cha asilimia 1 tu katika mashudu. Basi katika kilo 40 za mafuta hupotea kama kilo 0.6. Mashine ya kukamua ikiacha asilimia 10 katika mashudu, kilo 60 za vitu visivyo mafuta zitaondoka na kilo 6.7 za mafuta, na mkamuaji atapata kilo 33.3, ambazo ni lita 36 hivi. Kwa vinu vya mkono hasara huzidi hapo.

Pamoja na hasara hiyo, hakuna mtu mwenye busara atakayependekeza heksani itumike kijijini. Mvuke wake hulipuka kwa cheche ndogo tu, na mitambo ya kuikusanya ni ya gharama kubwa. Aidha, mafuta yatokanayo na kiyeyushi hayaliwi hivyo hivyo: husafishwa kwa alikali, hupitishwa katika udongo maalumu wa kuondoa rangi, kisha hupulizwa mvuke wa moto kuondoa harufu. Hatua hizo hufuta makosa mengi ya mbegu mbovu. Mafuta yanayokamuliwa Kinyangiri hayapiti huko. Rangi yake ya dhahabu, harufu yake ya mbegu na sehemu kubwa ya vitamini E yake hubakia. Lakini uchafu, uchachu na sumu vilivyokuwamo katika mbegu navyo vina nafasi ya kubakia. Kwa mafuta ya namna hii, kazi ya kusafisha hufanyika kabla ya kukamua.

Kukamua kwenyewe kuna historia inayoigusa Tanzania. Mwaka 1985, mhandisi wa Kimarekani Carl Bielenberg, akifanya kazi Arusha, alibuni kinu cha mkono ambacho baadaye kilienea katika nchi nyingi za Afrika. Mkono mrefu wa nyenzo husukuma pistoni nyembamba ndani ya silinda, na mbegu husukumwa kwenye tundu la chuma lenye matundu madogo. Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kwamba kanieneo ni kani ikigawanywa kwa eneo: nyenzo huikuza nguvu ya mikono, na wembamba wa pistoni hulikuza kanieneo. Hata hivyo kinu hicho kilikuwa na masharti. Alizeti za kienyeji zenye maganda magumu zilikishinda, kwa sababu ganda hunywa mafuta na kupoteza nguvu ya mkamuaji. Kilichofaa ni mbegu za ganda laini zenye mafuta mengi, kama aina ya Record iliyotoka Romania. Aina za namna hiyo ni matunda ya kazi ya karne ya 20, ambayo mtaalamu wake mashuhuri alikuwa V. S. Pustovoit wa Krasnodar, Urusi, aliyeongeza sana kiasi cha mafuta katika mbegu kwa kuchagua kizazi baada ya kizazi. Siku hizi mashine za skrubu zinazoendeshwa kwa injini au umeme zimechukua sehemu kubwa ya kazi, lakini kanuni ni ile ile.

Turudi kwenye mbegu. Watu wengi hupima ukavu wa nafaka kwa chumvi: punje hutiwa katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, hutikiswa, na chumvi ikigandamana na kioo hujulikana kuwa nafaka ina unyevu uliozidi asilimia 15 hivi. Kipimo hiki kwa alizeti hudanganya, na sababu yake inapendeza kuifuata. Maji hayakai ndani ya mafuta. Katika gramu 100 za mbegu zenye gramu 40 za mafuta na gramu 9 za maji, maji yote yamo katika zile gramu 60 zisizo mafuta. Gawanya 9 kwa 60: ni asilimia 15. Yaani alizeti yenye unyevu wa asilimia 9, kwa macho ya ukungu, ni sawa na mahindi yenye asilimia 15! Ili ilingane na mahindi makavu ya asilimia 13 na kitu, alizeti haina budi kushuka hadi 8. Mbegu iliyofaulu kipimo cha chumvi yaweza basi kuwa bado mbichi mno kwa ghala.

Ukungu unaohofiwa zaidi ni Aspergillus flavus, unaotoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini na inayosababisha saratani. Mwaka 2016 sumu hiyo, ikiwa katika mahindi, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambayo yote inapakana na Singida. Kuhusu alizeti, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan na wenzao walichapisha mwaka 2017 matokeo ya uchunguzi wa mbegu na mashudu kutoka mikoa kadhaa ya Tanzania: karibu sampuli 6 katika kila 10 za mbegu, na 8 katika kila 10 za mashudu, zilikutwa na sumu hiyo, ingawa nyingi kwa kiasi kidogo. Kwamba mashudu yalizidi mbegu si ajabu. Sumukuvu haipendi kuyeyuka katika mafuta. Sehemu kubwa hubaki kwenye mashudu, na ile iingiayo kwenye mafuta huchukuliwa hasa na chembe za unga wa mbegu. Joto la jikoni haliiondoi.

Kwa hiyo mbegu za kukamua zianikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya ardhi tupu, zipepetwe, zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ukungu zitolewe, na magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Mafuta yakisha kutoka, yaachwe yatulie siku kadhaa mpaka mashapo yazame, ndipo yachujwe kwa kitambaa safi kilichofumwa kwa karibu. Mahali pengine huchemshwa pamoja na maji kidogo. Maji huvimbisha utomvu uliomo ukazama, lakini moto lazima uendelee mpaka mafuta yaache kutoa mlio wa kupasuka, kwa maana maji yakibaki huisaidia mbegu ya uchachu: vimeng'enya huzivunja molekuli za mafuta na kuachia asidi huru.

Adui mwingine ni oksijeni. Asidi ya linoleiki, ambayo ndiyo nyingi katika alizeti ya kawaida, ina viungo maradufu viwili vya kaboni, na oksijeni hushambulia hapo. Vitamini E, ambayo ni takriban miligramu 40 katika gramu 100 za mafuta, huizuia kwa muda mpaka nayo ikaisha. Baadaye harufu ya uvundo hutokeza ghafla. Mwanga, joto, kutu na shaba huharakisha mambo hayo. Yasikitisha basi kuona, kando ya barabara kuu za Singida, mafuta mazuri yamepangwa juani katika chupa nyeupe ili wasafiri wavutiwe na rangi yake. Mnunuzi mwangalifu huomba chupa iliyokuwa kivulini, huitazama kama ina mashapo chini, na huinusa kabla ya kulipa. Nyumbani mafuta yawekwe gizani, katika chombo kikavu kilichojaa mpaka shingoni na kufungwa vizuri; na mafuta mapya yasimiminwe juu ya mabaki ya zamani, kwani mabaki hayo huanzisha uharibifu upya.

Shule yaweza kuyaona haya bila maabara. Chupa mbili za mafuta ya siku moja zitoshe: moja dirishani, nyingine kabatini, na kila Ijumaa wanafunzi wanuse bila kuambiwa ipi ni ipi.

Jikoni, mafuta yasiyosafishwa hutoa moshi mapema kuliko yale ya kiwandani, kwa sababu ya asidi huru na chembe zake. Yanafaa kwa mlenda, maharage na mboga za kuungwa kwa moto wa wastani. Kukaangia maandazi kwa mafuta hayo hayo siku tatu mfululizo ni kuyachosha. Mashudu nayo hulishwa ng'ombe, na kama mbegu zilikuwa na ukungu, sehemu ya sumu hupita katika mwili wa mnyama na kutokea kwenye maziwa. Mtoto wa Kinyangiri aweza hivyo kuinywa sumu ya alizeti ambayo nyumbani kwao haikupata kukamuliwa.