Sura ya 4: Fedha ya Kikoba

Huku Kawe, kuanzia viwanja vya Tanganyika Packers hadi ufukweni, mwanamke aliyewahi kucheza kikoba analijua sanduku la bati lenye makufuli matatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Fedha iliyomo ni yako na kitabuni imeandikwa, lakini huwezi kuinunulia unga jioni hii. Uliyoifundika kwenye pindo la khanga utaifungua mara moja. Iliyo mkononi ndiyo inayolipa.

Testosteroni katika damu ya mwanamke iko hivyo hivyo. Naam, homoni hii isemwayo ya kiume, wanawake nao wanayo. Hutoka kwenye ovari na tezi zilizo juu ya figo. Takriban theluthi mbili imefungiwa na protini inayotengenezwa na ini, ambayo maabara huiandika SHBG. Karibu yote iliyobaki imeshikwa kilegevu na albumini: hiyo ni ya pindoni. Iliyo huru kabisa ni asilimia 1 hadi 2 tu, nayo ndiyo inayoingia kwenye seli na kufanya kazi.

Sasa tuseme dada wa miaka 27 haoni siku zake kwa mpangilio, ndevu zinamwota kidevuni, kiuno kinapanuka. Kipimo cha testosteroni ya jumla kinarudi kawaida. Anaambiwa hana tatizo. Jibu hilo huniuma, maana tatizo analo na linaonekana usoni. Insulini inapozidi, kama ilivyo kwa wengi wenye ugonjwa wa vifuko kwenye ovari, ini hupunguza kutengeneza SHBG. Sanduku limekuwa dogo: jumla haikusogea sana, ila ya mkononi imeongezeka. Apimwe SHBG pia, ndipo iliyo huru ikokotolewe.

Vidonge vya majira vyenye estrojeni hufanya kinyume. Vikimezwa hupitia ini kwanza, nalo humwaga SHBG kwa wingi. Chunusi na ndevu hupungua taratibu. Kupunguza uzito nako huipandisha SHBG. Estrojeni ya kubandika kwenye ngozi hailisukumi ini kiasi hicho.

Estrojeni ya kumeza, na mimba vilevile, huongeza pia protini inayobeba homoni za tezi ya shingo. Kipimo cha jumla hupanda, na mtu mwenye afya anaweza kuonekana mgonjwa kwenye karatasi. Na anayetumia levothairoksini, dawa ya tezi hiyo, akishika mimba, mara nyingi huhitaji dozi kubwa zaidi tangu wiki za mwanzo.

Kwa hiyo dada, kabla hujatolewa damu, sema kama unameza majira, una kijiti cha uzazi wa mpango au una mimba. Kisha uliza: mnapima ya jumla au iliyo huru?