Kila Mwili na Kipimo Chake

Fundi wa cherehani katika soko la Bunia hakati kitambaa kabla ya kumpima mteja wake. Akimvika mtoto wa miaka mitano kanzu ya baba yake, mtoto atazama ndani yake. Naye baba akipewa kanzu ya mtoto, hata mkono hautaingia. Neno hili kila mtu analijua. Lakini tuingiapo hospitalini tunalisahau mara, nasi twadhani ya kuwa mashine za picha hutazama miili yote kwa jicho moja. Sivyo. Leo twataka kueleza habari ya ile mashine iitwayo skana, na jinsi ukubwa wa mwili wa mgonjwa unavyoweza kuifanya picha iseme kweli au ipotoshe, hasa ikipigwa kwa miali michache.

Asili ya mashine hii

Miali ya eksirei ilivumbuliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Picha ya kawaida, ile ambayo wengi wetu huiita radio, huonyesha vitu vyote vya kifuani vimelaliana: ubavu juu ya pafu, pafu juu ya moyo. Skana hufanya vingine. Huzunguka mwili pande zote huku ikipitisha miali, kisha kompyuta hupiga hesabu na kuchora mwili kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa, wala kisu hakikugusa ngozi.

Yafaa wanafunzi wajue ya kuwa fikira hii ina mizizi katika Afrika. Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1924, alikuwa mwalimu wa fizikia mjini Cape Town. Mwaka 1956 aliitwa kusaidia kazi ya miali katika hospitali ya Groote Schuur. Huko aliona ya kuwa waganga hupima miali kana kwamba mwili mzima ni kitu cha namna moja. Akajiuliza: mfupa, nyama na hewa, kila kimoja huzuia miali kwa kadiri gani? Mwaka 1957 akafanya jaribio kwa kipande cha alumini kilichozungushiwa mti, na hesabu zake zikachapishwa mwaka 1963 na 1964. Huko Uingereza naye Godfrey Hounsfield akaunda skana yenyewe, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha London mwaka 1971. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Hesabu ya unene

Swali la Cormack ndilo linalotupasa hata leo. Miali ipitapo mwilini, mingine huzuiwa njiani. Kwa kukadiria, kila unene wa sentimeta 4 wa nyama au maji huizuia nusu yake. Wanafunzi na wachukue kalamu. Tupeleke miali 1,024 katika tumbo la mtoto lenye unene wa sentimeta 12: itatoka 128. Katika tumbo la mtu mzima la sentimeta 24, itatoka 16. La sentimeta 32, itatoka 4. La sentimeta 40, utatoka mwali mmoja tu! Kifuani hali ni nafuu, kwa sababu mapafu yamejaa hewa. Lakini mabegani na tumboni hesabu hii huuma.

Basi, miali ikiwa michache, picha huwaje? Weka ungo chini katika ua wenye vumbi wakati wa manyunyu. Baada ya matone machache, uondoe. Je, utaiona alama ya ungo? Hasha! Utaona madoa huku na huku, wala hutajua ungo ulikuwa wapi. Lakini mvua ikinyesha vya kutosha, ardhi yote hulowa sawasawa, na duara kavu huonekana wazi. Ndivyo ilivyo skana. Miali michache huacha chembechembe katika picha, na chembechembe hizo huweza kuficha doa la ugonjwa, au kuonekana kama doa mahali pasipo na ugonjwa. Tena, ili kuzipunguza chembechembe ziwe nusu, haitoshi kuongeza miali mara 2. Yahitajika mara 4.

Kwa nini basi wapunguze miali?

Mtu atauliza: kwa nini wasipeleke miali mingi kwa kila mtu, yakaisha? Kwa sababu miali hii, ikizidi, huweza kudhuru chembe za mwili na kuongeza kidogo hatari ya saratani baada ya miaka. Kipimo chake huitwa milisiveti. Kila mwanadamu hupata kwa wastani milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, hewani na angani. Radio moja ya kifua ni kama 0.1. Skana ya kawaida ya kifua ni kama 7, na ile ya miali michache ni kama 1.5.

Skana hii ya miali michache ina faida iliyothibitishwa. Huko Marekani watu 53,454 waliokuwa wavutaji wakubwa wa tumbaku walijaribiwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011: waliopigwa skana hiyo walikufa kwa saratani ya mapafu pungufu kwa asilimia 20 kuliko waliopigwa radio tu. Kwa hiyo hatuilaumu. Twasema tu ya kuwa neno "michache" halina maana moja kwa miili yote. Kiasi kimtoshacho mtu mwembamba humwachia mnene picha yenye ukungu. Kisha vidoa hafifu vya mapafuni vyaweza kupotea, na pafu lake zima laweza kuhesabiwa kuwa lina matundu ya ugonjwa, kumbe ni chembechembe za picha.

Mtoto si mtu mzima mdogo

Upande wa pili hatari hugeuka. Mtoto akipigwa kwa kipimo cha baba yake, picha itakuwa nzuri mno, wala hakuna atakayelalamika. Lakini mwili wake mdogo umepokea miali isiyohitajiwa, naye ana miaka mingi mbele yake. Kosa hili limeonekana hata katika nchi tajiri. Mwaka 2001 waganga wa Marekani waliandika ya kuwa watoto wengi walikuwa wakipigwa skana kwa vipimo vya watu wazima. Mwaka 2008 ukaanzishwa huko mwito uitwao Image Gently, wa kuwapimia watoto miali kwa kadiri ya miili yao.

Yatupasayo sisi

Mashine za siku hizi huweza kupima unene wa mgonjwa kwa picha ya kwanza, kisha huongeza au kupunguza miali zenyewe. Lakini mgonjwa akilazwa kando, mbali na katikati ya duara, mashine hukosea kipimo. Fundi lazima amlaze vema na, kama yawezekana, amwinulishe mikono juu ya kichwa, ili mifupa ya mikono isizuie miali ya kifuani.

Nasi tuna sehemu yetu. Skana haipatikani katika kila mji wa Kongo, na mgonjwa wa Ituri aweza kutumwa mbali sana, kwa nauli iliyochangwa na ukoo mzima. Picha ikiharibika, ni hasara juu ya hasara. Kwa hiyo taja uzito wako kwa kweli, usipunguze kilo kwa haya. Kwetu unene si aibu; na fundi haulizi ili acheke, bali apime. Vua vitu vya chuma. Zuia pumzi uambiwapo. Mama mwenye mimba, au anayedhani anayo, aseme kabla ya kulala juu ya kitanda cha mashine. Mkipeleka picha kwa daktari mwingine, mwambieni kama ilikuwa ya miali michache.

Na wewe mzazi, mwanao akiandikiwa skana, uliza kwa adabu maneno mawili: "Je, yahitajika kweli?" na "Je, mmeweka kipimo cha mtoto?" Ikihitajika, usiikatae kwa hofu, maana ugonjwa usiojulikana huua zaidi kuliko picha moja. Daktari mwema hatakasirishwa na maswali hayo. Atakujibu, kisha atakwenda kutazama namba za mashine mara ya pili.