Tela la Magunia Matatu na Nusu

Anayekuja kuniuliza anunue tela gani la kambi huwa ameshaona picha. Kwenye simu yake kuna sanduku zuri la bati, mlango wa nyuma umefunguliwa, jiko limevutwa nje, friji ipo, kitanda cha watu wawili kimetandikwa, na mbele yake imesimama Suzuki Jimny inayong'aa. Mimi hutazama matairi kwanza. Kisha huuliza: hilo sanduku likishajaa maji na chakula lina kilo ngapi? Hapo mazungumzo hupoa, maana picha haina mizani.

Mimi ni mpishi wa safari. Nimezaliwa Baray, huko bondeni Eyasi, kwa wakulima wa vitunguu, na sasa naishi Karatu mjini nikiwapikia wageni wanaolala kwenye mahema. Gari naendesha, lakini kazi inayonipa ugali ni kupakia na kupakua. Dereva atakusifia injini mpaka jioni. Muulize madumu ya maji yako wapi, atakuelekeza kwangu.

Kampuni nyingi za huku hubeba kambi kwenye keria ya Land Cruiser, na kwa muda mrefu tela la kulala lilikuwa jambo la wageni waliopanda na barabara kutoka Afrika Kusini. Sasa mambo yamebadilika. Walimu, wauguzi na waongoza watalii wetu wanaagiza Jimny na Escudo za mtumba kutoka Japani, na Jumamosi ikifika wanataka kuwapeleka watoto wakalale chini ya migunga karibu na Ziwa Eyasi. Gari ni imara, lina fremu ya chuma chini, linapanda popote. Ila watu wanne wakishakaa, nyuma hapabaki mahali pa kuweka hata sufuria. Ndipo wazo la tela linapokuja, na ni wazo zuri, mradi ulianzie kwenye kilo.

Jimny ya kizazi cha sasa, iliyotoka mwaka 2018, ina injini ya lita 1.5 yenye nguvu farasi 102, na yenyewe ina uzito wa kilo 1,100 hivi. Kwenye masoko kama Uingereza na Australia, Suzuki inaruhusu gari hilo livute tela lisilo na breki la kilo 350 basi, na lenye breki zake lenyewe la hadi kilo 1,300. Watu huikimbilia namba kubwa. Lakini hebu itazame vizuri: kilo 1,300 ni zaidi ya gari lenyewe. Kwenye lami tambarare, kwa mwendo wa taratibu, sawa. Kwenye mteremko wa changarawe kuelekea Mang'ola, kule ziwani, kitu kizito kuliko wewe kinachokusukuma mgongoni sikitaki, hata kikiwa na breki nne.

Namba ya kushika ni 350. Mtu wa Baray hahitaji kuelezwa sana: ni magunia matatu na nusu ya kilo mia mia. Namaanisha gunia lililofungwa kihalali, si lumbesa. Na ndani ya magunia hayo matatu na nusu, tela lenyewe limo.

Mpwa wangu anafundisha sekondari na ana Jimny. Alinichukua twende wote kwa fundi wa kuchomelea hapa Karatu, simu yenye picha mkononi. Fundi aliniamkia mimi, shangazi mtu, akafuta mikono, akaitazama picha ile hadi mwisho bila kusema kitu.

"Kaka," akamwambia mpwa wangu, "unataka kulala humo, au unataka kubeba?"

"Vyote, fundi."

"Vyote viwili ni gari lingine. Kwa hii Suzuki chagua kimoja."

Mpwa akanigeukia. "Shangazi, si tungelala ndani? Huko kuna fisi."

Nikamwambia fisi wa Eyasi hawajawahi kula mtu aliyefunga zipu ya hema, na kwamba kitanda ni mbao, godoro, kuta na paa, vyote vikivutwa na injini ile ile. Kisha tukaomba kalamu.

Tulianza na tela jepesi kabisa, la kisanduku na turubai, tukalikadiria kilo 150. Madumu matatu ya maji ya lita 20, kilo 60. Hema, 25. Meza, viti na magodoro, 30. Sanduku la sufuria na jiko, 20. Mtungi mdogo wa gesi ukiwa umejaa, 14 hivi. Chakula na barafu, 30. Tairi ya akiba na jeki, 25. Fundi akajumlisha: 354. Tumeshapita, na kreti ya soda ya watoto haijapanda. Ikabidi dumu moja lihamie ndani ya gari, nyuma ya kiti cha dereva. Sasa mtu aniambie friji ya betri ingekaa wapi, maana betri peke yake ya kuiendesha usiku kucha inakaribia kilo 30.

Hesabu hii si ngeni duniani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilikuwa na gari dogo, Jeep, lenye uzito unaokaribiana sana na wa Jimny. Wahandisi wao walilitengenezea tela la robo tani: tupu lilikuwa na kilo 250 hivi, na mzigo wake nje ya barabara ulikuwa kilo 227. Walikuwa na fedha na viwanda vya kutosha kutengeneza kubwa zaidi. Hawakutengeneza. Na sisi hapa tuna mfano wetu ambao hatuuheshimu: pawatila, trekta dogo la magurudumu mawili. Tangu kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009 zimeenea vijijini, na katika mashamba ya vitunguu utaiona ikivuta tela la bodi fupi lenye ekseli moja, ikivuka mifereji ya umwagiliaji. Tela lile halifai kwa mwendo wa gari, kwanza mengi hayana springi. Lakini umbo lake ndilo: fupi, jembamba, mzigo chini, hakuna pambo.

Barabara yenyewe inasaidia kuchagua. Ukitoka Karatu kuelekea lango la Ngorongoro unakwenda kwenye lami, kisha unakata kushoto njia panda ya Oldeani na kuanza kushuka. Karatu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Eyasi liko kama mita 1,030. Kwenda ni kushuka, kurudi ni kupanda, na injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Wale farasi 102 wa kwenye karatasi, Karatu wamebaki kama 87. Ukipanda ukingo wa kreta, mita 2,300, wamepungua tena. Anayelisifia tela lake kwa sababu lilivutwa vizuri Bagamoyo na aje alivute huku.

Kisha kuna mikunjo. Kiangazi, greda ikiwa haijapita, njia inakuwa na mawimbi mafupi kama bati la paa, na hapo ndipo tela baya hujulikana. Tela tupu au lenye springi ngumu huruka, likitua linapiga, na ule mpigo huishia sehemu moja: pale mkono wa kuvutia unapoungana na fremu. Fundi alinionyesha tela la mtu mwingine lililoletwa kurekebishwa. Ufa ulikuwa mwembamba kama uzi, umeanzia ukingoni mwa weldi, umejaa vumbi jekundu. Bila vumbi hilo nisingeuona. Weldi yenyewe ilikuwa nene, nzuri kutazama. Chuma kilikatikia pembeni yake. Kwa hiyo yeye huupitisha mkono chini ya fremu hadi karibu na ekseli, halafu huweka mabati ya pembetatu kwenye maungio, badala ya kubandika mkono kwa mbele tu. Akikuambia mkono mfupi unapunguza gharama, mkatalie kwa adabu: mkono mfupi hufanya tela lijikunje haraka ukirudi nyuma, na Jimny ni fupi tayari.

Springi ziwe laini za kutosha kwa mzigo wako halisi. Wengi huweka springi za Hilux wakidhani wanajenga kitu cha kudumu. Zile zilitengenezwa kubeba mzigo mkubwa. Chini ya kilo 300 hazikunjiki hata kidogo, na mayai yako ndiyo yanayokunjika.

Magurudumu ndiyo jambo ambalo sikubali lipuuzwe. Tela liwe na rimu na tairi zile zile za gari. Jimny ina nati tano kwenye duara la milimita 139.7, na Vitara na Escudo za zamani nazo hivyo hivyo, kwa hiyo haabu za kufaa zinapatikana. Ukifanya hivyo tairi moja ya akiba inahudumia magurudumu sita. Upana nao ulingane: gurudumu la tela lipite palipopita gurudumu la gari. Masika, udongo mweusi wa mbuga ukilowa, gari hujikatia njia yake kwenye tope; tela pana kuliko gari linakata njia nyingine mbili mpya, na injini ndiyo inayolipa. Kwenye mchanga wa makorongo ni vivyo hivyo.

Sasa upakiaji, ambao ndio utaalamu wangu. Pua ya tela lazima ielemee ndoano ya gari kidogo: kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote. Kwa kilo 350 ni kama kilo 18 hadi 35, na kwa Jimny usivuke 75 hata iweje. Pua ikiwa nyepesi, yaani mzigo umerundikwa nyuma, tela huanza kuyumba ukishika mwendo, na kuyumba huko hukua kwenyewe mpaka kunalishika gari. Likianza, usikanyage breki kwa nguvu, achia mafuta, shika usukani bila kupambana nao. Kupima ni rahisi. Mafundi wa mjini huweka mizani ya bafuni chini ya pua, wakaitegemeza kwa kipande cha mbao. Bondeni tuna mizani ya kuning'iniza ya wanunuzi wa vitunguu. Funga pua kwa kamba, inyanyue hadi kimo cha ndoano, soma. Ikisoma 10, sogeza dumu la maji mbele ya ekseli. Ikisoma 60, lirudishe nyuma. Maji hukaa chini na karibu na ekseli daima, gesi nje ya kisanduku mahali penye hewa, vyepesi juu.

Likizidi 350, breki ni lazima. Za aina ya kawaida hazihitaji umeme: gari likipunguza mwendo, tela husukuma mbele, ule msukumo hubana fimbo kwenye pua, na fimbo huvuta waya wa breki. Zinafanya kazi, ila vumbi na matope huzigandisha, na zinaongeza kilo. Sipendi. Minyororo miwili ya usalama iliyopishana chini ya pua, ndiyo, kwa tela lolote.

Vumbi la Eyasi lina tabia yake. Nyuma ya tela linalokimbia hewa huwa nyepesi, kwa hiyo vumbi hunyonywa kuingia kwa kila upenyo wa mlango. Nimewahi kufungua sanduku lililofungwa vizuri nikakuta unga wa sembe umegeuka rangi ya matofali. Mpira wa mlango husaidia nusu. Nusu nyingine ni kutoboa tundu la hewa mbele, juu, lenye kifuniko cha wavu na sponji, ili hewa iingie na kusukuma kutoka ndani kwenda nje. Unga wangu sasa ni mweupe.

Usajili ufanye kabla ya safari: tela nalo husajiliwa TRA na kubeba namba yake, na taa za breki na za kuashiria ziwake. Trafiki wa Karatu huanza na hizo.

Mpwa alikubali kisanduku na turubai, hema likipigwa chini, lakini amemwambia fundi aache nafasi nne za boliti juu ya kingo, "kwa siku za usoni." Hema la juu lina kilo 50 na zaidi. Nimenyamaza, fundi naye alinitazama akanyamaza. Nafasi nne za boliti hazina uzito.

Nilichomwagiza mpwa ni hiki. Akishaanza kushuka na tela, asimame baada ya kilomita 15 hivi na kuweka kiganja kwenye haabu zote mbili. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa upande mmoja hauvumiliki, beringi imekazwa mno au haina grisi, na ageuze hapo hapo, maana Karatu bado iko karibu na duka la spea halijafungwa. Akipuuza akafika kijiji cha Mbuga Nyekundu, kule bondeni, beringi itakuja na basi la kesho yake, kama kondakta atakumbuka.