Si Kila Kikohozi Ni Kifua Kikuu

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii tumezoea kuitumia kuhusu watu, lakini leo nataka kuitumia kuhusu dawa. Katika makala haya nitaeleza jinsi dawa nzuri, iliyotolewa kwa nia njema, inavyoweza kuzua dalili ambazo watu wa nyumbani hudhani ni maradhi mengine kabisa. Hasa nitawazungumzia wazee wetu.

Nyanya yangu, ambaye sisi Wasomali humwita ayeyo, ana miaka zaidi ya sabini. Alipopatikana na ugonjwa wa presha alipewa tembe za enalaprili. Presha ikashuka vizuri. Baada ya wiki tatu hivi akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, hakina makohozi wala homa, lakini usiku kilikuwa hakimpi usingizi. Tulimpa chai ya tangawizi, tukampa asali, lakini wapi! Kemisti mmoja akatuuzia dawa ya maji ya kifua. Chupa ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, kikohozi kiko pale pale.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Huku kwetu Kaskazini Mashariki, mtu akikohoa kwa majuma mengi neno la kwanza kutajwa ni qaaxo, yaani kifua kikuu. Hofu hii haikuanza jana. Mwaka wa 1976 Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiishi Wajir, alianza kuwatibu wafugaji katika manyata ya TB. Wagonjwa walikaa hapo karibu na kituo na kumeza dawa mbele ya wahudumu mpaka wamalize, kwa sababu mfugaji anayehama na ngamia wake ni vigumu kufuatilia matibabu ya miezi mingi. Watu wengi walipona, lakini aibu ya ugonjwa huu haijatoka katika vinywa vya watu.

Basi ayeyo akatengewa kikombe chake, ijapokuwa kifua kikuu huenea kwa hewa wala si kwa vikombe. Akaacha kukaa mkekani na wajukuu jioni. "Watoto wakae mbali nami," alisema. Maneno hayo yalinichoma moyo.

Alipelekwa hospitali, akapimwa kifua kikuu na kupigwa picha ya kifua. Hakuonekana na ugonjwa wowote. Ndipo daktari akamwuliza, "Mama, hizi dawa za presha ulianza kumeza lini?" Kumbe jibu lilikuwa ndani ya pakiti!

Hebu tuone dawa hii hufanyaje kazi. Mwilini mna kimeng'enya kimoja chenye kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kusaidia kutengeneza kemikali inayobana mishipa ya damu. Ya pili ni kuvunjavunja kemikali nyingine iitwayo bradikinini. Enalaprili hukizuia kimeng'enya hicho. Mishipa hulegea na presha hushuka. Lakini bradikinini nayo hukosa wa kuivunja, ikajikusanya kwenye njia za hewa na kuziwasha. Ni kama kumfuta kazi bawabu ambaye pia alikuwa akifagia uwanja: lango litafunguka, lakini taka zitarundikana.

Dawa za ukoo huu zilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil. Ya kwanza, kaptoprili, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1981. Utazitambua kwenye pakiti kwa herufi za mwisho wa jina: p-r-i-l. Karibu mtu mmoja kati ya kumi wanaozitumia hukohoa, na wanawake zaidi ya wanaume. Kikohozi chaweza kuanza baada ya siku chache au hata miezi. Dawa ikibadilishwa, kwa kawaida huisha kati ya wiki moja na nne, ingawa kwa wengine huchukua hadi miezi mitatu. Ayeyo alipewa losartani, ambayo hailegezi mishipa kwa njia hiyo. Wiki ya tatu kikohozi kikanyamaza.

Wasomaji wenzangu, kuna mifano mingine. Amlodipini, pia ya presha, yaweza kuvimbisha miguu, watu wakadhani ni figo. Dawa za kuongeza mkojo, katika joto letu la Garissa, zaweza kumfanya mzee aone kizunguzungu akisimama na kuanguka. Glibenklamidi ya kisukari yaweza kushusha sukari mno, hasa wakati wa Ramadhani. Mzee hutetemeka, hutokwa jasho na kusema maneno yasiyoeleweka, na wengine husema amepagawa na jini. Wazee huathirika zaidi kwa sababu figo zao zimepunguza kasi ya kuondoa dawa mwilini, na mara nyingi humeza dawa za aina nyingi kwa pamoja.

Hatari kubwa ni kuongeza dawa juu ya dawa, kutibu dalili iliyoletwa na ile ya kwanza. Nyingine ni mzee kuacha dawa kimyakimya. Presha isiyotibiwa huleta kiharusi, kwa hivyo dawa ibadilishwe na daktari, si na jirani. Tena kikohozi kikizidi wiki mbili, mgonjwa apimwe kifua kikuu vilevile. Katika hospitali za umma dawa zake ni bure. Na anayetumia dawa za p-r-i-l akivimba midomo au ulimi ghafla, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Mwisho, ningependa kuwashauri wanafunzi wenzangu. Wazee wetu wengi hawasomi Kiingereza cha kwenye pakiti, sisi twasoma. Andika kwenye karatasi majina ya dawa zote za babu na nyanya yako na tarehe walizoanza kuzimeza, kisha karatasi hiyo iende nao kliniki. Wakipata dalili mpya, uliza kwanza: ni dawa gani imeanzwa karibuni? Kuuliza si ujinga.